Jinsi ya kutengeneza dokumentari ya kuchekesha ya safari ya gari Marekani ukiwa na hela ya mawazo

Siku ya tatu ya safari yetu tulisimama sheli moja huko vijijini Oklahoma kujaza upepo, tumebakiza dola 41 za kula siku mbili, mshkaji wangu kabana maiki kwenye kola na mimi nimeshika simu, akaja mzee mmoja kavaa ovaroli akatuuliza nyie vijana mnafanya nini hapa. Tukamwambia tunatengeneza filamu kuhusu Wamarekani wa kawaida. Akatuangalia, akaiangalia Corolla yetu, akatazama barabara huku na huku, akasema, "Basi mmekosea mji. Wa kawaida hapa hatuna." Akaingia zake ndani kununua sigara.

Hatukuwa tunarekodi.

Tukamkimbilia ndani tukamuomba arudie, mzee wa watu akarudia, ila ikawa imekufa kabisa, kama chai ya jana. Kwa hiyo hapo tayari umepata mambo mawili bure: gari likisimama tu simu iwe inarekodi, na usimuombe mtu arudie utani wake hata siku moja.

Naandikia mtu ambaye yuko huku tayari, wiki nzima anabeba boksi, ana siku tisa za likizo, ana simu nzuri kiasi, ana gari linalotembea na mshkaji mmoja mvumilivu. Ukiwa na zaidi ya hapo hongera, ila ukiwa na watu wanne na taa na yule jamaa wa kushika fimbo ya maiki, watu wa mji mdogo wanakuwa kama wako kwenye harusi, kila mtu anakaa sawa anaongea kiingereza cha mwalimu mkuu, na vichekesho vinakufa hapo hapo.

Anza na swali moja la kijinga

Kosa tulilokaribia kufanya ni kwenda na wazo kubwa, "tuonyeshe Marekani halisi", sijui mgawanyiko wa jamii, sijui ndoto ya nini. Mtu ukimuuliza kuhusu siasa anakupa jibu alilolisikia kwenye redio jana, kalikariri lote na pumzi zake, na majibu ya mtu wa Ohio na mtu wa Texas ukiyaweka pamoja huwezi kujua nani kasema nini. Chagua swali moja dogo ambalo hakuna mtu amewahi kujiandaa kulijibu, halafu uliza hilo hilo kila mji mpaka wewe mwenyewe ulichoke.

La kwetu lilikuwa: kitu gani kikubwa hapa kwenu?

Tulilipata kwa sababu ya Casey, Illinois, kamji ka watu elfu mbili na mia nne hivi pembeni ya barabara ya I-70. Hapo wamejenga kiti cha kubembea kikubwa kuliko nyumba, kengele za upepo ambazo unavuta kamba ndo zilie, na sanduku la posta ambalo unapanda ngazi unaingia ndani yake kabisa, unachungulia mtaa kama barua. Ukisimama hapo ukamuuliza mwenyeji kitu gani kikubwa hapa kwenu anacheka, maana jibu liko nyuma yake. Ila ukiuliza hilo hilo mji unaofuata, ambao hauna kiti wala kengele, mtu ananyamaza. Mmoja akatuonyesha tangi la maji. Mwingine akasema mafuriko. Mama mmoja wa Missouri akasema mjukuu wake, wa kwanza kwenye ukoo wao kwenda chuo, halafu akaanza kulia na sisi tumesimama pale na tochi ya simu hatujui tuizime au tuiache.

Swali likiwa zuri linafanya kazi kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na mtu anaweza kulijibu kwa utani au kwa ukweli bila wewe kumsukuma.

Njia

Watu wote wanafikiria Route 66 na sio vibaya, ila ijue vizuri. Ilianzishwa 1926, inatoka Chicago inaishia Santa Monica, karibu kilomita 3,900, inapita majimbo 8, na Kansas inagusa kakona tu ka maili 13 hivi. Barabara kubwa za I-55, I-44 na I-40 zilipokuja, magari yakahamia huko, na 1985 ile 66 ikafutwa rasmi kwenye orodha ya barabara kuu. Ndo maana ni tamu kwa kazi hii: miji iliyokuwa inaishi kwa wapita njia ikabaki na moteli, mabango ya taa na wazee wenye muda wa kuongea.

Shida ni kwamba wale walioko kwenye vituo maarufu wamehojiwa na kila mtu, Wajerumani, Wajapani, watu wa TV, na stori zao zimesuguliwa mpaka zinang'aa, na sasa hivi na hii miaka 100 ya barabara inayotimia 2026 usiseme. Sisi tulikuwa na sheria: kila kituo maarufu kimoja, tunatoka barabarani maili 15 tunaingia mji wowote ambao hauna sumaku za friji zenye jina lake. Nusu ya filamu yetu imetoka huko.

Tulitoka Columbus, Ohio, tukapita Casey, St. Louis, tukashika 66 ya Missouri, tukagusa kale kakipande ka Kansas, tukapita Catoosa, Oklahoma, kwenye nyangumi wa bluu aliyejengwa kwenye dimbwi la kuogelea, mpaka Amarillo, Texas. Nje ya Amarillo kuna Cadillac kumi zimezikwa pua chini mkia juu shambani tangu 1974, watu wanakuja na makopo ya rangi wanazipulizia. Halafu tukarudi kwa kupanda Kansas mpaka Cawker City, mji usiofika watu 500, wenye mpira mkubwa wa kamba za kufungia nyasi ambao mkulima mmoja alianza kuuviringisha 1953 na mpaka leo mgeni anaruhusiwa kuongeza kamba yake. Niliongeza. Mshkaji alilia kwa kucheka ananirekodi nimetoka Tanga kote huko kuja kuzungusha kamba Kansas, na mimi sikuona cha kuchekesha, nilikuwa makini kweli. Hicho kipande ndo watu wanakipenda kuliko vyote.

Jumla maili 2,700, siku tisa. Yani maili 300 kwa siku, masaa matano ya kuendesha, usizidishe hapo. Ukizidisha unakuwa dereva wa malori ambaye ana kamera.

Hela

Wote wawili tulitumia kama dola 1,200. Mafuta 310, Corolla ya zamani inakula galoni moja kwa maili 30 hivi na galoni ni lita 3.8 kwa wale ambao bado wanapiga hesabu za nyumbani. Moteli usiku nne, 260. Usiku mbili tulilala kwenye gari kwenye vituo vya malori, Love's na Pilot wanakubali tu ukipaki pembeni usiwazibie wenye malori, na bafu lipo la kulipia. Walmart baadhi wanaruhusu na baadhi hawaruhusu, ingia ndani uulize, usiamini mtu aliyekwambia mwaka juzi. Usiku mmoja hema. Usiku mmoja familia ya Wakongo tunaofahamiana nao Kansas City, hao nitawarudia. Chakula 225 kwa siku zote, maiki za mtumba 60, diski ya kuhifadhia video (hard disk) 70, tipu 80, na 200 ya dharura ambayo iliisha siku ya sita kwa ajili ya tairi.

Tipu usizibanie. Kima cha chini cha serikali kuu kwa mhudumu anayetegemea tipu ni dola 2.13 kwa saa tangu 1991, na kuna majimbo mpaka leo ndo hiyo hiyo. Wewe unanunua kahawa ya dola mbili unakaa masaa mawili unahoji wateja wake, ukiacha senti 40 mezani hilo ni tusi. Tuliacha dola 5 kwa kahawa, na yule mama akaenda kumwita shemeji yake ambaye alikuwa na stori kuliko wote.

Kama unakodi gari, angalia mambo matatu kabla ya kusaini: maili zisiwe na kikomo, ada ya chini ya miaka 25 kama bado kijana, na ada ya kuliacha gari mji mwingine, hiyo ya mwisho inaweza kuzidi kodi yenyewe ndo maana sisi tulizunguka tukarudi tulikotoka.

Vifaa, haraka haraka

Simu. Maiki mbili zisizo na waya za kubana kwenye kola, na vile vimanyoya vya kuzuia upepo, usiondoke bila vimanyoya, upepo wa Kansas na Texas ukisikiliza baadaye unadhani mtu alihojiwa akiwa ananing'inia kwenye helikopta. Kama hela inatosha kitu kimoja tu, nunua maiki usinunue kamera. Picha mbaya watu wanavumilia, sauti mbaya wanafunga.

Shika simu kwa ulalo. Weka hali ya ndege, hii nasisitiza kwa sababu yule mama wa mjukuu alipoanza kulia, ndo saa hiyo hiyo mama yangu mzazi akapiga WhatsApp kutoka nyumbani kuuliza kama nimekula, na simu ndo ilikuwa kamera.

Kwenye iPhone video ya 4K ya fremu 24 inakula kama MB 135 kwa dakika, yani GB 8 kwa saa. Sisi tulikuwa tunarekodi masaa matatu kwa siku, piga hesabu mwenyewe, inafika GB 220. Kila usiku hamishia kwenye laptopu na kwenye hard disk, halafu diski ilale kwa mwingine, isilale begi moja na laptopu.

Na zima redio ya gari! Tulipata lifti kwa jamaa mmoja na lori lake, anaimba pamoja na wimbo wa kantri kwenye redio, sauti mbaya, raha mpaka basi, kipande cha dhahabu. Hakitumiki. Wimbo una wenyewe, na mtandao unautambua hata kama jamaa anaimba juu yake kama mbuzi. Muombe mtu azime kwanza, akiimba mwenyewe bila redio angalau unabaki na tatizo la wimbo peke yake, akiongea ndo salama kabisa.

Kumfikia mtu (hapa ndo kazi ilipo)

Kila mji mdogo Marekani una kijiwe cha kahawa. Hakiitwi hivo ila ndo chenyewe. Saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili, kwenye mgahawa wa kizamani au hata McDonald's ya pale barabarani, kuna meza moja ina wazee watano wana kofia za kampuni za mbegu na trekta, wanakunywa kahawa nyepesi, wanabishana mvua ya mwaka gani ilikuwa kubwa. Ukitoa bao ukaweka kahawa ya kujazwa bure, uko Pangani. Mtu aliyekulia karibu na kijiwe hana haja ya kufundishwa namna ya kukaa pale, tatizo ni kwamba tukifika ugenini tunasahau tunachokijua.

Usiingie na kamera. Ingia mikono mitupu, kaa kaunta sio meza ya pembeni, agiza, nyamaza. Lafudhi yako ndo chambo. Dakika kumi hazipiti utasikia "nyie mmetokea wapi?" na hapo umeshinda, maana sasa wao ndo wanakuhoji. Sema Tanzania. Mmoja atasema kanisa lao lilituma watu Kenya. Mmoja atauliza simba. Mmoja atauliza kama unamjua rafiki yake wa Nigeria, usimcheke, muulize jina, mshkaji wangu alikuwa anauliza jina kwa uso mkavu kabisa halafu anafikiria kidogo, anasema "hapana, labda dada yake." Meza ikafa kwa kicheko. Baada ya hapo ndo unasema tunatengeneza kafilamu, unaweza kutuambia kitu gani kikubwa hapa kwenu, nikutolee simu?

Salamu. Ukiambiwa "how are you" hilo sio swali, wote tumeshafanya lile kosa la kuanza kueleza mafua. Ila kinyume chake kinafanya kazi vizuri sana: sisi tumezoea salamu za kushuka ngazi, habari za nyumbani, za watoto, za kazi, na Mmarekani hajazoea mtu kumuuliza vyote hivyo, anakaa chini. Muulize habari za mbwa wake. Muulize mbwa ana umri gani. Nimeona wanaume wenye mikono kama mashina ya mwembe wakitoa simu kuonyesha picha za mbwa, na kutoka kwa mbwa unafika kwa mke aliyemchagua yule mbwa, na kutoka kwa mke unafika popote.

Akianza kuongea, nyamaza. Sisi Waswahili tuna ugonjwa wa kuitikia, enhee, ehe, kweli, duh, na nyumbani usipoitikia mtu anadhani umelala. Kwenye maiki kila "enhee" yako inakaa juu ya neno lake na huwezi kuitoa. Tikisa kichwa tu. Na akimaliza, usirukie swali lingine, hesabu kimoyomoyo mpaka tano. Mtu hawezi kuvumilia ukimya, kwenye nne hivi ataongeza sentensi moja, na hiyo moja ndo utakayoitumia.

Sehemu nyingine nzuri: mashine za kufulia za kulipia, mtu anasubiri nguo dakika 40 hana pa kwenda. Kinyozi. Jumamosi asubuhi watu wanaouza mitumba yao uani kwenye nyasi, kila kitu pale kina stori na mwenye stori amekaa kwenye kiti cha kukunja. Ijumaa usiku kuanzia mwisho wa Agosti hadi Novemba, mpira wa sekondari, ule wa Kimarekani wa kushika mkononi, mji mzima uko uwanjani. Na Agosti kuna maonyesho ya majimbo ambayo ni Nanenane yao kabisa, ng'ombe, mashine, vyakula vya kukaangwa, pale Des Moines, Iowa wanachonga ng'ombe wa siagi, ng'ombe mzima wa siagi, tangu 1911. Sisi hatukufika kwa sababu ya ratiba, najuta mpaka leo.

Anayechekwa ni wewe

Ukienda kuwacheka watu, unaweza, ni rahisi, mtu yeyote akirekodiwa masaa mawili atasema kitu cha kijinga. Ila watajua, nyuso zinafunga, na mji mdogo taarifa inatangulia mbele ya gari lako. Na pia haidumu, dakika tano za kucheka watu wa kijijini zinachosha. Mgeni asiyeelewa anachosha mara chache sana. Kwa hiyo kila tukio jipangie wewe ndo unashindwa.

Cha kwetu kilikuwa ugali. Tulibeba unga wa mahindi wa manjano wa dukani na jiko la gesi la kambi, na kila tulipolala tulisonga, na kila tuliyemhoji tulimpa tonge. Mkulima wa Kansas akauangalia akasema hiki tunawapa ndama. Mama wa Missouri akaumwagia sharubati ya mti ya kwenye chapati zao akaula wote, akaomba mwingine. Jamaa kutoka Georgia tuliyemkuta kambini akasema huu ni uji wao wa grits uliosahaulika jikoni. Na ugali wenyewe ulikuwa mbaya kweli, jiko linazimwa na upepo, una mabuja, mshkaji anasonga kwa kijiko cha plastiki kinapinda, na kila mara tunamwambia mtu "kwa kawaida hauko hivi". Mara ya sita ukisema hiyo sentensi mtazamaji anacheka kabla hujamaliza. Kitu kinachojirudia ndo uti wa mgongo wa filamu isiyo na hela, hugharamii chochote unakirudia tu kinazidi kunoga.

Pale Amarillo kuna mgahawa maarufu, Big Texan, ukimaliza nyama ya aunsi 72, kilo mbili hizo, pamoja na viazi, saladi, kamba wa baharini na mkate ndani ya saa moja, huilipii. Ukishindwa unalipa. Sisi ya kulipa hatukuwa nayo. Kwa hiyo tukajirekodi nje kwenye maegesho, tunakula mkate na siagi ya karanga, tunajadiliana kwa umakini mkubwa mbinu ambayo tungetumia kama tungeingia, nani angeanza na viazi. Dakika mbili, hatukuingia hata mlangoni.

Na tafadhali usiweke zile sauti za "twiing" na vicheko vya kopo kama muvi zetu za nyumbani. Mtu akisema kitu cha kuchekesha, mwache uso wake ubaki kwenye skrini sekunde mbili zaidi ya unavyodhani inafaa. Basi.

Mambo ya kukuweka nje ya matatizo

Barabarani na sehemu za umma unaweza kurekodi. Ndani ya duka au mgahawa ni kwa mwenyewe, omba. Kurekodi mazungumzo ya mtu kisiri ni kosa kwenye majimbo kadhaa, California na Illinois ni baadhi, kwa hiyo usifiche maiki kabisa. Chapisha fomu za ridhaa ukurasa mmoja, lugha nyepesi, mtu asaini kabla hujaondoka na pia aseme kwa mdomo kwenye kamera kwamba amekubali. Mtoto ni mzazi ndo anasaini, na kama mzazi hayupo usirekodi.

Ukiona bango la kukataza kuingia shambani, usiingie, na Texas na Missouri na majimbo mengine rangi ya zambarau iliyopakwa kwenye mti au nguzo maana yake ni hiyo hiyo, sisi tulidhani ni mapambo mpaka mzee mmoja akatufafanulia, kwa upole, akiwa na bunduki begani. Nchi za wenyeji asilia kama Navajo wana vibali vyao vya kurekodi, omba mapema. Droni kwenye hifadhi za taifa marufuku, na kwingine ukirusha kwa kazi ya hela unahitaji cheti cha FAA, mamlaka yao ya usafiri wa anga.

Polisi akikusimamisha BAKI NDANI YA GARI. Nyumbani tumezoea kushuka, kumfuata afande, kusalimia, kutabasamu. Hapa ukishuka unamtisha. Mikono kwenye usukani, taa ya ndani washa kama usiku, mwambie kuna kamera kwenye dashibodi. Na karatasi zako tembea nazo, kusini kabisa Texas, New Mexico na Arizona kuna vizuizi vya uhamiaji ndani ya nchi kabisa sio mpakani, na mwenye green card aliyefika miaka 18 sheria inamtaka awe nayo mwilini. Kama uko kwa viza ya utalii au ya mwanafunzi na unapanga filamu iingize hela, ongea na wakili wa uhamiaji kabla hujaanza, hilo sio la kuuliza kwenye grupu la WhatsApp.

Masika ya huko, Aprili mpaka Juni, Oklahoma na Kansas ni msimu wa vimbunga vya tornado. Nenda Septemba.

Kuediti

DaVinci Resolve ya bure inatosha kabisa. Kazi sio programu, kazi ni masaa 27 ya video. Angalia yote, ndiyo yote, na kila mtu muandikie kikaratasi kimoja: nani, kasema nini, nilicheka au sikucheka. Tulihoji watu 40 na zaidi, wamebaki 12, filamu dakika 31. Anayebaki ni yule ambaye ukimtoa mshkaji wako anakasirika.

Usipange kwa majimbo, itakuwa somo la jiografia. Panga kwa jibu: vitu vikubwa kweli mwanzo, kiti, nyangumi, kamba, halafu polepole majibu yanageuka, tangi la maji, mafuriko, kiwanda kilichofungwa, mjukuu. Yule baba wa Kansas City, Mkongo, miaka mingi yuko pale, tulimuuliza mezani tukiwa tunakula ugali wa ukweli na sombe, kitu gani kikubwa hapa kwenu. Akafikiria sana. Akasema, "Baridi." Mke wake akamwambia jibu vizuri wewe unarekodiwa. Akafikiria tena, akasema, "Baridi, ndugu yangu. Na mortgeji." Tulibishana wiki nzima kama yeye ni Mmarekani wa kawaida wa kuingia kwenye filamu hii, mshkaji akaniambia ana nyumba, ana mkopo, analalamika hali ya hewa, unataka nini zaidi? Akaingia. Yuko kabla tu ya yule mama wa mjukuu, na inafanya kazi sana kwa sababu bado unacheka ya baridi ndo unakutana naye.

Tafsiri za chini zina kazi yake. Kiingereza cha Oklahoma ukikitafsiri neno kwa neno kinapoa. Wanawake wa kusini wana "bless your heart", ukiandika Mungu abariki moyo wako umepotea kabisa, mwenye lugha yake hakubariki, ni "pole mwaya" ile ya shangazi akiangalia ulivyovaa. Soma tafsiri kwa sauti, ukiona shangazi yako hawezi kuisema, futa.

Muziki tumia wa maktaba ya bure ya YouTube au mtafute mtu mwenye gitaa.

Kabla ya kuirusha hewani watumie waliomo linki wao kwanza, wape wiki moja. Karibu wote walijibu vizuri. Mkulima wa ndama akaandika neno moja tu, "good". Mhudumu wa Missouri, yule wa kahawa ya dola mbili, akajibu baada ya dakika 35, yani aliangalia yote halafu akaandika dakika nne, akasema imemchekesha, shemeji yake ameongea sana kama kawaida yake, na kwamba nywele zake siku ile zilikuwa mbaya, je tunaweza kurudi kumrekodi upya? Tumemwambia tunakuja Septemba. Mshkaji kashaanza kutafuta kijiko cha mti.